Maji Yatatafuta Njia

Msingi wa stoo ya mama yangu una urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na umeinuka sentimita 60 kutoka usawa wa ardhi. Ni wa mawe, ndani umejazwa kifusi, juu umefungwa kwa jamvi la zege. Haujapata ufa hata mmoja. Fundi yeyote atakayeutazama atasema ni kazi nzuri, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Nilipiga picha nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la familia, nikasifiwa kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam.

Miezi miwili baadaye msingi huohuo uliyapeleka maji ya mvua jikoni kwa jirani yetu, yakalowesha magunia yake matatu ya mahindi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sikulisoma katika somo lolote la chuo. Mtu akijilinda, na ulinzi wake ukamsukumia mwenzake madhara, ana kosa gani? Na kama mwenzake alikuwepo wakati wa ujenzi, akaona kila kitu na akanyamaza, je, kosa linapungua?

Nyumbani ni Bendera, wilaya ya Same. Ukitoka Same mjini unafuata barabara inayopita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, na ukikaribia kutokea Mkomazi ndipo ulipo kwetu. Upande mmoja ni Milima ya Upare ya Kusini, upande wa pili ni nyika inayokwenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Sisi tuko katikati, tambarare. Mvua zetu wenyewe si nyingi. Maji yanayotulisha na yanayotutisha hutoka juu. Mtu wa tambarare anaweza kuwa amekaa kwenye jua kali kabisa, akaona wingu jeusi limekalia mlima, akaanza kuinua vitu vyake kutoka sakafuni.

Stoo ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, imekaa moja kwa moja juu ya ardhi. Mchwa walipanda kwa kuta zake. Panya walichimba chini. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimpa jina la Scania, aliingia humo kila mwaka. Mama alianza kutumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, na kweli dumuzi alipungua. Lakini mfuko hauwezi kuishinda sakafu yenye unyevu milele. Panya akitoboa, au mahindi yakiingia kabla hayajakauka vizuri, fangasi wanaanza kazi yao.

Jambo la fangasi ndilo lililoniogopesha. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara, na watu wakafa. Wataalamu wanasema mahindi yakaushwe mpaka unyevu ubaki kama asilimia 13, kisha yahifadhiwe pakavu, juu ya ardhi. Mama yangu anaishi peke yake na anakula mahindi yake. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya haki. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu hadithi hii haimhusu mtu mbaya.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuja na El Nino. Watu wa Same hatuhitaji kuelezwa sana maana ya tangazo kama hilo. Novemba 2009 udongo uliporomoka juu kwetu, kijiji cha Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba usiku na kuua watu zaidi ya 20. Kwa hiyo nilichukua likizo, nikatoa akiba, nikasafiri. Nilitaka msingi uwe umekauka kabla ya Novemba.

Kiwanja chetu kina mteremko mdogo. Upande wa juu kuna barabara ya mtaa, upande wa chini kuna mtaro unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Mvua kubwa ikipiga mlimani, maji huvuka barabara, hupita katika uwazi wa kama mita 5 uliopo kati ya nyumba ya mama na uzio wa michongoma, kisha hushuka mtaroni. Yamepita hapo tangu nikiwa mtoto. Tulikuwa tunashindanisha mabua ndani yake. Nyumba ya jirani, ambaye sisi wote tunamwita bibi ingawa si ndugu, iko upande wa pili wa uzio, chini kidogo.

Nafasi ya kujenga ilikuwa sehemu mbili. Moja ilikuwa nyuma ya nyumba, lakini pale palikuwa na mwembe alioupanda baba mwaka niliozaliwa. Nyingine ilikuwa kwenye uwazi ule, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mama angeiona stoo yake kutoka dirishani. Sikufikiria sana. Nani akate mwembe wa baba yake?

Fundi tuliyempata ni Msabato. Alifanya kazi kuanzia Jumapili hadi Ijumaa saa sita mchana, na Jumamosi usingempata hata kwa kumlipa mara mbili. Siku ya kwanza alipigilia vigingi, akafunga kamba, akahakikisha kona kwa hesabu ya tatu, nne, tano: pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari usipokuwa mita 5 kamili, kona yako imekudanganya. Kisha tukachimba mtaro wa msingi, upana sentimita 45 na kina 60, mpaka sururu ikagonga udongo mgumu. Mawe yalikuja tripu mbili za trekta. Alinifundisha kuyachagua: makubwa na bapa yakae chini, jiwe la juu likalie kiungo cha mawili ya chini, na tundu lisijazwe udongo wa saruji peke yake bali litafutiwe jiwe dogo la kulikaa. Mchanganyiko wake ulikuwa karai 1 la saruji kwa makarai 6 ya mchanga. Nilimwuliza kama tungeweza kwenda 8 kwa yale yatakayofukiwa, kwani hayataonekana. Akanitazama.

"Yanayofukiwa ndiyo yanayobeba," akasema. "Ukitaka kuiba, iba kwenye plasta."

Nilijisikia aibu kidogo, na pia nilijisikia kwamba nimepata somo la maadili la mwaka ule. Nilidhani uaminifu wa msingi ni huo: kutodanganya chini ya ardhi. Somo lenyewe lilikuwa bado njiani.

Siku ya tatu, kuta za msingi zilipoanza kutokeza juu ya ardhi, fundi alisimama upande wa barabara, akatazama chini hadi mtaroni.

"Haya maji ya hapa yatapita wapi?"

Nilimwonyesha. Uwazi ulikuwa mita 5, sisi tumechukua 4, imebaki 1 kando ya uzio.

"Mita moja," akasema.

"Maji yatatafuta njia," nikamjibu.

Hakuongeza neno. Kazi ilikuwa yangu na hela ilikuwa yangu. Aliinama akaendelea kushindilia kifusi, tabaka la sentimita 15 baada ya jingine, akimwagia maji kila tabaka.

Na hayo maji ya kushindilia, na ya kuchanganyia, na ya kumwagilia jamvi kwa siku saba ili lisikauke haraka likapasuka, mengine yalitoka kwa bibi. Bomba letu lilikatika siku mbili. Bibi alikuja na ndoo kichwani, akaitua, akarudi, akaja na nyingine. Nilihesabu ndoo saba. Nilimwambia, "Bibi, pumzika, nitafuata mwenyewe." Akasema jirani akijenga anasaidiwa. Alikaa kwenye jiwe akatuangalia tunavyopanga mawe, akasifu kona, akaenda zake.

Mvua zilikuja kama zilivyotangazwa. Mwishoni mwa Novemba mama alinipigia simu asubuhi. Aliniambia kwanza habari njema: stoo imepona, hata tone halikuingia. Kisha akanyamaza kidogo.

"Lakini maji yameenda kwa bibi, baba."

Nilielewa kabla hajamaliza. Maji yaliyozoea kupita kwa upana wa mita 5 yalikutana na ukuta wa mawe, yakabanwa kwenye mita 1. Maji yakibanwa hupanda na kuongeza kasi. Yalipanda, yakakata mizizi ya michongoma, yakauangusha uzio, yakaingia kwa bibi kwa mlango wa jiko. Alikuwa ameweka mahindi yake humo. Yeye alilala kitandani salama. Siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nilipokuwa naangalia habari zile nilijaribu kujiambia kwamba magunia matatu si kitu. Lakini kipimo kile hakikunisaidia. Ya Hanang hayakujengwa na mkono wangu.

Nilituma fedha za magunia matatu siku ileile. Bibi alizipokea na kunitumia salamu za shukrani, na shukrani zile ndizo zilizoninyima usingizi. Fidia ililipa mahindi yaliyolowa. Haikulipa chochote kuhusu mvua itakayofuata, na masika ilikuwa miezi mitatu tu mbele.

Nikaanza kujitetea, kama msomi anavyojitetea, kwa kutafuta kama kuna mwingine aliyewahi kulifikiria jambo hili. Wamo, tena tangu zamani. Warumi wa kale walikuwa na kanuni kuhusu maji ya mvua na majirani katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, karibu mwaka 450 kabla ya Kristo. Wanasheria wao wa baadaye waliieleza hivi kwa ufupi: aliye chini hana budi kuyapokea maji yanayoshuka yenyewe, kwa sababu ndivyo ardhi ilivyo. Lakini aliye juu akijenga kitu kwa mkono wake, maji yakabadili njia na kumdhuru wa chini, wa chini ana haki ya kudai kitu hicho kiondolewe. Kwa Mrumi, kosa langu lisingehitaji mjadala mrefu.

Kisha nikakutana na wazo la kinyume. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kuanzia karne ya 19, mahakama zilishika kanuni inayosema maji ya mvua yanayotapakaa juu ya ardhi ni adui wa wote. Kila mwenye kiwanja ajilinde anavyoweza. Yakimwendea jirani, jirani naye ajenge. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Hapa palikuwa na mahakama, zenye majaji wasomi, zikiniambia kwamba sikukosa. Mengi ya majimbo hayo baadaye yalilegeza kanuni hiyo kwa kuongeza kwamba mtu ajilinde kwa namna ya busara, lakini mzizi wake unaeleweka: bila hivyo, nani angethubutu kujenga chochote?

Shida ni kwamba nilijaribu kuifikisha kanuni ile hadi mwisho wake pale kwetu. Mimi nimejenga sentimita 60. Bibi, kama ana uwezo, ajenge 80. Mimi niongeze hadi mita 1. Mwishowe ukoo mzima wa tambarare umesimama juu ya visiwa vya mawe, na maji yote yamepelekwa kwa yule asiye na hela ya saruji. Adui wa wote anageuka kuwa adui wa mmoja, na mmoja huyo huchaguliwa na umaskini wake. Kanuni inayonifaa mimi kwa sababu nina mshahara na inamuumiza bibi kwa sababu hana, haiwezi kuwa kanuni ya haki, hata ikiwa imeandikwa vizuri.

Nikabaki na utetezi mmoja, na huu ndio uliokuwa mgumu kuuacha. Bibi aliona. Hakuzuiwa kusema. Alikaa juu ya jiwe letu akasifu kona. Zaidi ya hapo, alileta maji. Kama hiyo si ruhusa, ruhusa ni nini?

Wanafalsafa wana jina kwa hilo: ridhaa ya kimya. John Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, alisema mtu anayeishi ndani ya nchi na kutumia hata barabara zake ameikubali serikali yake bila kutamka. David Hume alimjibu mwaka 1748 kwa mfano wa mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini. Ameamka yuko katikati ya bahari. Je, tuseme amekubali amri za nahodha kwa sababu hajajirusha majini? Hoja ya Hume ni nyepesi kuieleza: ukimya una maana ya ndiyo pale tu ambapo hapana ilikuwa inawezekana.

Basi nikajiuliza kama kwa bibi hapana ilikuwa inawezekana. Simu yake huchajiwa kwenye sola ya mama. Dawa yake ya presha huletwa na kijana wa bodaboda ambaye mama ndiye humlipa. Watoto wake wako mbali na hawatumi kitu. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka mjini na fundi, trekta na mifuko 20 ya saruji. Hakuna aliyemwuliza. Sisi tulimwona akipita na ndoo, tukamshukuru kwa ndoo. Alikuwa melini, kwa maana hiyo, ingawa yuko kwenye ardhi yake mwenyewe.

Nilirudi mwishoni mwa Desemba. Siku ya pili nilivuka pale uzio ulipoangukia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umefika lini?"

Tulizungumza habari za safari, za mvua, za bei ya mchele. Kisha nikamwomba radhi. Akasema mvua ni ya Mungu. Nikamwambia mvua ni ya Mungu, lakini msingi ni wangu. Akacheka. Nikamwuliza kama alijua tangu mwanzo.

"Nilijua. Nimekaa hapa kabla hujazaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na wewe umeshashusha mawe?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa amenionyesha kitu ambacho Locke na Hume hawakukigusa: kuna saa ya kuuliza, nayo hupita. Ukimwuliza mtu baada ya tripu mbili za mawe kumwagwa, humwulizi tena. Unamwomba akubariki, au awe mtu mbaya. Bibi hakutaka kuwa mtu mbaya, kwa hiyo akaleta maji.

Na hapa ndipo nilipowakumbuka wazee wa milimani, ambao nilikuwa nimewasoma kama historia tu. Wapare walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi yaende mashambani kwa mifereji. Ndiva husafishwa kwa msaragambo: wote mnatoka siku iliyopangwa na majembe, na asiyetoka hutozwa faini. Nilipokuwa shuleni tulifundishwa msaragambo kama mfano wa bidii. Sasa nauona kama mfano wa kitu kingine. Maji hayajali mipaka ya viwanja, kwa hiyo watu waliotaka kuishi nayo walilazimika kuwa na siku ya kukutana kabla ya jembe kuinuliwa, mahali ambapo mtu wa chini angeweza kumwambia wa juu, mbele ya watu, kwamba zamu yangu umeiruka. Sisemi kwamba mfumo ule haukuwa na wakubwa na wadogo. Ulikuwa nao. Lakini ulikuwa na saa ya kuuliza. Mimi nilikuwa na saruji tu.

Tulimwita fundi. Alizunguka kiwanja, akapima kwa mpira wa maji, akasema njia ni moja. Tuchimbe mtaro upande wa juu, tuupitishe nyuma ya nyumba, tuujenge kwa mawe, utokee kwenye mfereji wa upande wa pili.

"Ila mwembe," akasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilitaka tujaribu kuukwepa. Fundi akaeleza kwamba ukiukwepa unaikaribia nyumba, na mizizi itauinua mtaro ndani ya miaka michache. Mama akasema ukatwe. Aliingia ndani, hakutoka mpaka mti ulipokuwa umelala.

Nauweka ukweli huu hapa bila kuupamba: kama ningeukata Septemba, stoo ingejengwa nyuma ya nyumba na bibi asingeguswa. Niliokoa mwembe kwa gharama ya mtu mwingine, kisha nikaupoteza hata hivyo. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza sikujua kwamba nilikuwa nachagua. Kutojua kule nilikuwa nimekuita kutokuwa na kosa.

Lakini maji ya mtaro mpya nayo yalikuwa yanakwenda kwa mtu. Chini ya mfereji ule kuna majaruba ya mzee mmoja ambaye nilikuwa namfahamu kwa kusalimiana tu. Safari hii tulikwenda kabla ya jembe. Tulikwenda wanne: mama, bibi, fundi na mimi, na tukamkuta na mwenyekiti wa kitongoji. Nilieleza kwa adabu, kwa kirefu, nikitumia vidole kuonyesha mteremko. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Hapana," akasema.

Nakiri kwamba hasira ilinipanda. Nilikuwa nimekuja kuuliza, nimefanya jambo la haki, na mtu ananikatalia! Ilinichukua muda kuelewa kwamba kama nilikuwa nategemea ndiyo tu, basi sikuwa nimekwenda kuuliza. Nilikuwa nimekwenda kutangaza kwa sauti ya chini. Bibi ndiye aliyeongea. Alimwambia mzee, pole pole, jinsi maji yalivyoingia jikoni kwake, na kwamba yakibaki yalivyo, masika yatamalizia ukuta. Mzee akawaza. Kisha akatoa masharti: mdomo wa mtaro upanuliwe ili maji yatulie kabla ya kuingia mferejini, pawekwe mawe makubwa safu mbili ili kingo za jaruba lake zisikatwe, na lolote likiharibika, nije nilitengeneze, si mama yangu.

Tulikubali. Ilichukua siku tisa na mifuko 8 ya saruji. Mifuko hiyo haikuwa kwenye hesabu zangu za mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimehesabu gharama ya msingi na si gharama ya mahali ulipowekwa. Fundi hajengi bila kujua uzito utakaokaa juu ya msingi wake. Swali la pili ni msingi wenyewe utamkalia nani, nalo halipimwi kwa timazi.

Bado sina jibu kamili la swali nililoanza nalo. Siamini kwamba kila anayejilinda ana hatia. Tungekaa chini ya miti. Mama bado anahitaji mahindi makavu, na stoo bado ipo pale ilipo. Ninachoamini ni kidogo zaidi ya hapo: kwamba kujilinda kwangu kuna mtu upande wa pili, kwamba napaswa kumtafuta kabla mawe hayajashushwa, na kwamba nimemwuliza kweli pale tu ambapo niko tayari kusikia hapana na kukaa nayo.

Masika ya 2024 ilikuwa kubwa. Mwezi wa Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, simu ililia, namba nisiyoijua. Alikuwa mzee wa majaruba. Hakunisalimia sana. Aliniambia maji yamepita vizuri, kwa bibi ni pakavu, ila jiwe moja la safu ya pili limesogea.

"Uliahidi," akasema.

Nikampigia fundi. Ilikuwa Jumamosi, hakupokea mpaka jua lilipozama. Jumapili asubuhi alikuwa pale na mwiko wake.